Kampeni ya elimu ya afya hatua kwa hatua: anza na tendo, si na bango

Kampeni nyingi za afya hufa kabla bango la kwanza halijachapishwa. Hufa pale wahusika wanapokaa mezani na swali la kwanza linakuwa "tuchapishe vipeperushi vingapi?", wakati hakuna aliyesema nani anatakiwa afanye nini, wapi na lini. Baada ya hapo kila hatua hufanyika vizuri na matokeo hayaonekani. Mwongozo huu unafuata kazi kama inavyotakiwa kwenda. Mfano utakaotumika zaidi ni kuharisha kwa watoto walio chini ya miaka 5 na matumizi ya ORS (pakiti ya chumvi na sukari inayochanganywa na maji ili mtoto anywe), kwa sababu ni jambo linaloeleweka kila mahali na lina mitego karibu yote ya kazi hii.

1. Andika tendo moja

"Kuongeza uelewa wa jamii kuhusu magonjwa ya kuharisha" si lengo. Huwezi kuuona uelewa ukitembea barabarani, wala huwezi kujua siku ulipofika. Andika hivi: *mlezi wa mtoto aliye chini ya miaka 5 ampe mtoto ORS siku ileile kuharisha kunapoanza, na aendelee kumpa baada ya kila choo cha majimaji hadi kuharisha kuishe.* Sentensi hiyo ina mtu, tendo, wakati na kipimo.

Lipitishe tendo lako kwenye maswali manne. Je, linaweza kupigwa picha? Je, mlengwa anaweza kulifanya kwa vitu alivyonavyo leo? Likifanywa na wengi, ugonjwa au vifo vitapungua kweli? Je, kuna wengi ambao bado hawalifanyi? Jibu la "hapana" hata kwa swali moja linatosha kukurudisha mezani.

Kampeni ya kuwalaza watoto wachanga chali, iliyoanza Uingereza mwaka 1991 na Marekani mwaka 1994, ni mfano mzuri wa tendo lililochaguliwa vema. Halina gharama, halihitaji kifaa, hufanyika kila usiku, na mzazi hahitaji kuelewa sayansi yake ili alitekeleze. Vifo vya ghafla vya watoto wachanga vilipungua kwa zaidi ya nusu katika nchi hizo ndani ya miaka iliyofuata. Kampeni chache hubahatika kupata tendo rahisi kiasi hicho, lakini zote zinaweza kulitafuta.

Kisha kagua huduma. Ukiwaambia watu wafuate kituoni ORS na zinki (madini anayopewa mtoto anayeharisha pamoja na ORS), hesabu akiba ya kila kituo cha eneo lako na uhakikishe inatosha angalau miezi 3 ya mahitaji yaliyoongezeka, si ya kawaida. Wahudumu wa vituo wapewe ujumbe wa kampeni wiki mbili kabla ya wananchi. Mama akitembea saa nzima akakuta rafu tupu, au akakutana na muuguzi anayemwambia "hizo ni habari za redioni", hatarudi, na atawasimulia majirani. Akiba isipokuwepo, ahirisha kampeni. Ni uamuzi mgumu mbele ya mfadhili, lakini ni rahisi kuliko kurudisha imani iliyopotea.

2. Tafuta kinachowazuia

Wafanyakazi wa afya huwa na dhana moja wasiyoihoji: kwamba watu hawafanyi kwa sababu hawajui. Mara nyingi wanajua. Kinachowazuia ni kingine, na kukigundua si kazi ya kukisia.

Njia ya bei nafuu ni kulinganisha wanaotenda na wasiotenda. Wahoji walezi 45 ambao mtoto wao alipoharisha mara ya mwisho walimpa ORS, na wengine 45 ambao hawakumpa. Wawe wa eneo moja na hali za maisha zinazofanana. Wote waulize maswali yaleyale: Ni nini kinakurahisishia, au kingekurahisishia? Ni nini kinakuwia kigumu? Nani anakubaliana nawe ukifanya hivyo? Nani anapinga? Faida yake ni nini? Hasara yake? Kukumbuka ni rahisi au kugumu? Unadhani mtoto wako anaweza kuugua sana akiharisha?

Waandae wanaohoji wasiandike tafsiri yao, bali maneno ya mhojiwa yalivyotoka. Halafu yapange majibu na uhesabu. Tuseme walezi 41 kati ya 45 wanaotenda wanajua kuwa kuharisha hupunguza maji mwilini, na kati ya wasiotenda wanajua 39. Tofauti ni ndogo. Usitumie hata senti moja kufundisha hilo. Lakini kama 30 kati ya wanaotenda wanasema bibi wa mtoto anakubali, na kati ya wasiotenda ni 12 tu, hapo kuna pengo la asilimia 40. Umepata kazi yako, na umegundua pia kwamba mlengwa wako wa pili ni bibi. Kanuni inayotumika sana ni kuzingatia kila jibu lenye tofauti ya asilimia 15 au zaidi kati ya makundi mawili.

Mahojiano peke yake hayatoshi. Keti nyumbani kwa walezi watano au sita na uwaombe watayarishe ORS mbele yako huku wewe ukinyamaza. Utaona mambo ambayo hakuna dodoso litakaloyakamata: pakiti inafunguliwa na nusu yake inawekwa akiba ya kesho; maji yanapimwa kwa kikombe ambacho hakuna anayejua ujazo wake; pakiti ya lita 1 inamiminwa kwenye nusu lita ili "dawa iwe kali". Kosa hilo la mwisho ni la hatari, kwa kuwa chumvi ikizidi inaweza kumdhuru mtoto.

Ukimaliza, usiandike "jamii nzima" mahali pa walengwa. Andika makundi matatu: anayetenda, anayeamua, na anayesikilizwa. Mara nyingi si mtu mmoja, na kampeni inayozungumza na mama peke yake wakati pesa ya nauli iko mfukoni kwa baba inapoteza nguvu zake.

3. Tunga ujumbe

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo watu huharakisha.

Kipeperushi chenye mambo 12 ya kukumbuka hakikumbukwi hata jambo moja. Weka tendo moja kwa kila tangazo. Mengine yapangie matangazo mengine. Kisha jibu kikwazo ulichokikuta, si kile ulichotarajia.

*Usiahidi kisichokuwepo.* Hili limeua kampeni nyingi za ORS. Mlezi akiambiwa kuwa ORS ni "dawa ya kuharisha" anategemea kuharisha kukome. ORS haikomeshi kuharisha. Inarudisha maji na chumvi zinazopotea. Siku ya pili mtoto bado anaharisha, mlezi anahitimisha kuwa dawa imeshindwa, anaiacha na kwenda kununua vidonge vya kufunga tumbo. Sema ukweli mapema: mtoto anaweza kuendelea kuharisha siku kadhaa, lakini ORS inamrudishia maji anayopoteza.

*Toa kiasi halisi.* "Mpe maji ya kutosha" si maelekezo. Pakiti nzima ichanganywe kwenye ujazo ulioandikwa juu yake (zipo za lita 1 na zipo za ujazo mdogo, kwa hiyo hakikisha ni ipi inayogawiwa eneo lako kabla ya kuchora picha). Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 baada ya kila choo cha majimaji. Wa miaka 2 na kuendelea, mililita 100 hadi 200. Akitapika, subiri dakika 10 kisha endelea polepole. Kinachobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Zinki ni miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi 6, kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma. Pakiti zisipopatikana, lita 1 ya maji safi huchanganywa na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikisawazishwa. Kunyonyesha na kulisha kuendelee. Kinyesi chenye damu, macho yaliyodidimia, au mtoto kushindwa kunywa ni dalili za kumwahisha kituoni.

Hayo yote hayaingii kwenye tangazo moja. Yagawe: tangazo la redio libebe tendo, picha iliyoachwa nyumbani ibebe vipimo, mhudumu abebe dalili za hatari.

*Hofu itumie kwa kipimo.* Mwaka 1992 mtafiti Kim Witte alieleza jambo ambalo watu wa nyanjani wamelithibitisha mara nyingi: mtu akitishwa na wakati huohuo akaonyeshwa njia anayoamini anaiweza, hutenda. Akitishwa bila njia, hupambana na hofu badala ya ugonjwa: anakanusha, anageuza mzaha, anazima redio. Katika mlipuko wa Ebola wa Afrika Magharibi wa miaka 2014 hadi 2016, uliopata wagonjwa zaidi ya 28,600 na vifo zaidi ya 11,300, baadhi ya ujumbe wa mwanzo ulisema Ebola haina tiba. Nia ilikuwa kuwaonya watu. Lakini kama haina tiba, kwa nini umpeleke ndugu yako kituoni akafie mikononi mwa wageni? Familia zilibaki na wagonjwa wao nyumbani. Ujumbe ulipogeuka kuwa kuwahi matibabu kunaongeza nafasi ya kupona, na mazishi yakawa salama huku yakiheshimu marehemu na wafiwa, ushirikiano uliongezeka.

*Usitangaze kuwa wengi wanakosea.* "Watu 7 kati ya 10 hawanawi mikono!" huonekana kama kengele ya kuamsha, lakini msikilizaji anasikia jambo jingine: kumbe niko na wengi. Kampeni kubwa ya Marekani ya kuwazuia vijana wasitumie dawa za kulevya ilifanyiwa tathmini kati ya mwaka 1998 na 2004. Vijana walioona matangazo zaidi hawakupunguza matumizi, na zilikuwepo dalili za athari kinyume. Mojawapo ya maelezo yaliyotolewa ni kwamba wingi wa matangazo uliwafanya waamini wenzao wengi wanatumia. Onyesha wanaotenda, hata kama bado ni wachache, na waonyeshe wakiwa watu wa kawaida.

*Takwimu ziandike kwa uwiano unaoonekana.* Mwezi Oktoba 1995, Uingereza ilitoa onyo kwamba vidonge fulani vya uzazi wa mpango huongeza maradufu hatari ya damu kuganda. Kilichotokea ni kupanda kutoka takriban mwanamke 1 kati ya 7,000 hadi 2 kati ya 7,000. Wanawake wengi waliacha vidonge ghafla, na mwaka uliofuata utoaji mimba uliongezeka kwa maelfu nchini England na Wales. Neno "maradufu" halikuwa uongo. Lilikosa idadi pembeni yake. Andika siku zote "wangapi kati ya wangapi", na idadi inayokuja baada ya "kati ya" usiibadilishe ndani ya ujumbe mmoja: 1 kati ya 50 ukilinganisha na 1 kati ya 200 huwachanganya hata wasomi.

*Lugha iwe ya mdomoni.* Soma maandishi kwa sauti. Ukikata pumzi, sentensi ni ndefu. "Upungufu wa maji mwilini" ni maneno ya daktari. Mlezi anasema "mtoto amelegea, mdomo umekauka". Tumia aliyoyasema kwenye mahojiano. Kampeni ikienda kwa lugha zaidi ya moja, mtu wa pili ambaye hajaona andiko la kwanza aitafsiri ile tafsiri kurudi kwenye lugha ya kwanza, kisha linganisha.

Mfano wa tangazo la redio la sekunde 30:

> MAMA: Mtoto ameharisha tena.
> BIBI: Usimnyime maji. Fungua pakiti ya ORS, mimina yote kwenye lita moja ya maji safi, koroga.
> MAMA: Itazuia kuharisha?
> BIBI: Hapana, inarudisha maji anayopoteza. Mpe baada ya kila choo. Akitapika, subiri dakika kumi, endelea polepole.

Bibi hakuwekwa pale kwa ajili ya ladha. Takwimu za hatua ya 2 ndizo zilizomweka.

4. Jaribu kabla ya kuchapisha

Hatua hii hurukwa kuliko zote, kwa kisingizio cha muda. Inachukua siku tatu na gharama yake ni sehemu ndogo sana ya kuchapisha upya.

Tafuta watu 5 hadi 10 kwa kila kundi la walengwa, mmoja mmoja, faraghani. Majadiliano ya kikundi cha watu 6 hadi 10 yanafaa kusikia mabishano na misemo, lakini hayafai kupima kuelewa, kwa kuwa mmoja akijibu wengine huitikia. Usiulize "umeelewa?" Kila mtu ataitikia ndiyo kwa adabu. Uliza: Hapa unaona nini? Anaambiwa nani? Anaambiwa afanye nini? Ungemwelezaje jirani ambaye hajaona picha hii? Kuna neno lolote ambalo mtu angekwazika nalo? Kisha mpe pakiti, chombo na maji, na utazame mikono yake.

Jiwekee kiwango: wakipungua 8 kati ya 10 wanaotaja tendo sahihi kwa maneno yao wenyewe, rekebisha na ujaribu tena kwa watu wapya. Duru mbili kwa kawaida hutosha.

Michoro ina mitego yake. Picha ya tendo baya iliyopigwa alama ya X nyekundu hukumbukwa bila ile X; chora tendo sahihi peke yake. Mdudu aliyekuzwa mara mia huonekana kuwa mnyama ambaye "kwetu hayupo". Mkono uliochorwa bila mwili huwatatanisha wasiozoea michoro. Na mshale, ishara inayopendwa na wasanii, si watu wote wanaousoma kama mwelekeo.

5. Chagua njia za kufikisha

Kila njia ina kazi inayoiweza. Redio hufika mbali na huwafanya watu wazungumze; haimrekebishi mlezi anayepima maji vibaya. Mhudumu wa afya ya jamii humrekebisha, lakini anafikia nyumba chache kwa siku. Bango hukumbusha tu, hivyo liwekwe mahali tendo linapofanyika au uamuzi unapochukuliwa: penye maji, kwenye duka la dawa, si ukutani kwa ofisi ya mkuu.

*Redio.* Kwa Kiswahili sekunde 30 zinabeba maneno kati ya 50 na 60. Ukizidisha, msomaji atakimbia. Tatizo la kawaida, hata hivyo, si maneno bali marudio. Tangazo linalorushwa mara tatu kwa wiki ni sawa na kunong'ona sokoni. Katika utafiti uliofanyika Burkina Faso kati ya mwaka 2012 na 2015, matangazo ya sekunde 60 yalirushwa takriban mara 10 kwa siku. Wazazi walioleta watoto wagonjwa vituoni waliongezeka. Punguzo la vifo, kwa upande mwingine, halikuweza kuthibitishwa na vipimo vya utafiti huo, na hilo linafaa kukumbukwa na yeyote anayeahidi makubwa kwa redio peke yake. Pesa zikiwa chache, bora wiki 6 za marudio mazito kuliko mwaka mzima wa matone. Na dai orodha ya muda kila tangazo liliporushwa, kisha weka mtu asikilize kwa siku za kushtukiza. Matangazo yaliyolipiwa na hayakurushwa ni mengi.

*Ujumbe wa simu.* Herufi 160 ndizo zinazoingia kwenye ujumbe mmoja. Alama moja isiyo ya kawaida, kama kikaragosi (emoji), hushusha kikomo hadi herufi 70 na gharama inapanda bila wewe kujua. Anza na jina la anayetuma, maana ujumbe usiojulikana unafutwa.

*Mabango.* Kadiria herufi za kichwa ziwe na urefu wa sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali wa msomaji. Maneno yasizidi 10 hadi 15. Nembo za wafadhili ziwe chini na ndogo. Bango lenye nembo sita kubwa linatangaza nembo.

*Gari la vipaza sauti.* Msikilizaji mmoja husikia sekunde chache tu gari likipita. Tumia sentensi moja inayojitosheleza, irudiwe, na gari lisimame.

*Nyumba kwa nyumba.* Ni ghali kuliko zote na ndiyo inayobadili mikono. Kati ya mwaka 1980 na 1990, shirika la BRAC la Bangladesh liliwafikia akina mama katika kaya zaidi ya milioni 12 na kuwafundisha, mmoja mmoja, kuchanganya maji, chumvi kwa kipimo cha vidole vitatu na sukari guru kwa konzi ya mkono. Ubora haukuachwa kwenye bahati. Wakaguzi walirudi kwa sampuli ya akina mama wiki kadhaa baadaye, wakawauliza mambo ya kukumbuka, wakawaomba wachanganye, na maji hayo yakapimwa. Malipo ya mfundishaji yalitegemea mama aliyefundishwa anakumbuka nini, si nyumba ngapi zimetembelewa. Mwanzoni, pamoja na hayo, akina mama walijua kuchanganya lakini wachache walitumia. Uchunguzi ulionyesha kwamba wafundishaji wengi wenyewe hawakuiamini dawa waliyoifundisha, na wanaume walikuwa wameachwa pembeni. Mafunzo yakabadilishwa, wanaume wakaingizwa, na matumizi yakapanda. Kabla ya kumtuma mhudumu, muulize: mwanao alipoharisha wewe ulimpa nini?

Mafunzo ya wahudumu yawe siku 2, na nusu ya muda iwe kuigiza ziara. Kila mmoja afanye ziara tatu za mazoezi, akosolewe, arudie. Na afundishwe kumalizia ziara kwa kumwomba mlezi arudishe maelezo na kuonyesha kwa mikono.

6. Ratiba na pesa

Hesabu kurudi nyuma kutoka msimu wa ugonjwa. Ujumbe uanze kusikika wiki 3 hadi 4 kabla ya wagonjwa kuongezeka. Maandalizi ya hatua ya 1 hadi ya 4 yanahitaji takriban miezi 4. Anayeanza kupanga wagonjwa wakiwa tayari wodini anafanya kazi ya dharura, ambayo ina kanuni zake: sema mnachokijua, msichokijua, mnachofanya kukijua, na saa ya taarifa inayofuata, kisha timizeni saa hiyo hata kama hakuna jipya.

Mgawanyo wa bajeti unaofaa kuanza nao: asilimia 15 utafiti na majaribio, 10 uandaaji wa vifaa, 30 muda wa hewani na uchapishaji, 30 kazi ya ana kwa ana na mafunzo, 10 ufuatiliaji na tathmini, 5 akiba ya uvumi na dharura. Uchapishaji ukizidi nusu ya bajeti, hiyo ni kampeni ya kiwanda cha uchapaji. Kwenye uchapishaji andika pia orodha ya usambazaji: kituo gani kinapata nakala ngapi, nani anapeleka, nani anatia sahihi. Maboksi yanayoliwa na mchwa stoo yalikuwa na ujumbe mzuri tu.

7. Uvumi

Fungua daftari la uvumi siku ya kwanza. Kila mstari uwe na tarehe, mahali, maneno yalivyosemwa, aliyesikika akisema ni mtu wa aina gani, na umesikika mara ngapi. Lipitieni kila asubuhi. Uvumi uliosikika mara moja mahali pamoja uachwe ukifuatiliwa. Kuujibu redioni ni kuusambaza. Unaojirudia sehemu tatu, au unaowafanya watu wakatae huduma, ujibiwe ndani ya saa 24 hadi 48.

Jibu lianze na ukweli, litaje kwa kifupi kuwa kuna habari potofu, lieleze kosa liko wapi, limalizie na ukweli uleule. Usiufanye uvumi kuwa kichwa cha habari, wala usimdhihaki aliyeuamini. Tafuta punje ya kweli ndani yake, kwa sababu mara nyingi ipo.

Angalia pia anayejibu. Mwaka 2003 chanjo ya polio ilisusiwa kaskazini mwa Nigeria, na mgomo wa jimbo la Kano ulidumu takriban miezi 11. Virusi vikaenea hadi nchi nyingine. Maelezo ya kitaalamu kwamba chanjo ni salama yalitolewa tangu mwanzo. Mgomo ulikuja kuisha baada ya viongozi wa dini na wa siasa wa huko kushirikishwa kwenye uchunguzi, na kukubaliwa chanjo iliyotoka Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi. Hoja haikuwa imebadilika sana. Msemaji alibadilika.

8. Pima kwa ngazi

Panga viashiria kama ngazi: kilichotolewa, waliofikiwa, walioelewa, waliotenda, ugonjwa. Ripoti nyingi huishia ngazi ya kwanza: vipeperushi 20,000 vimegawiwa. Hicho ni kipimo cha miguu ya wagawaji.

Vipimo vya mwanzo vichukuliwe kabla ya kampeni, kwa maswali yaleyale yatakayoulizwa mwishoni. Ili kukadiria asilimia kwa ukingo wa makosa wa asilimia 5 juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95, unahitaji watu 384. Kuthibitisha mabadiliko kutoka asilimia 30 hadi 40 kunahitaji takriban watu 356 kila duru. Idadi hizo ni za sampuli nasibu, yaani watu waliochaguliwa mmoja mmoja kwa kura. Ukichagua vijiji au mitaa kwanza kisha kaya ndani yake, zidisha kwa 2. Penye uwezekano, pima pia eneo linalofanana ambalo kampeni haijafika, la sivyo utajisifia mvua zilizochelewa.

Katika kuuliza kama mtu alisikia tangazo, anza bila kumkumbusha, kisha msomee orodha. Ndani ya orodha weka tangazo moja ambalo halijawahi kuwepo. Wakisema asilimia 15 kwamba walilisikia, unajua kiasi cha majibu ya kukufurahisha. Kuhusu tendo lenyewe, usitegemee kauli tu: watu husema wananawa mikono mara nyingi kuliko wanavyonawa. Tazama kama sabuni na maji vipo karibu na choo, omba kuona pakiti tupu ya ORS, mwambie achanganye.

Usisubiri mwisho. Kila wiki mbili wahoji watu 20 sehemu mbili tofauti na usome ngazi kutoka juu. Kama hawajasikia, tatizo ni ratiba au njia. Wamesikia lakini hawawezi kutaja tendo: ujumbe ni mzito, rudi hatua ya 4. Wanalitaja lakini hawalifanyi: kikwazo ulichokijibu si chenyewe, rudi hatua ya 2, au kaangalie tena rafu za kituo. Wanalifanya vibaya: punguza redio, ongeza mikono nyumbani.

Kampeni ikifungwa, zunguka ukabandue mabango yenye namba ya simu isiyopokelewa tena au pakiti ya ujazo usiogawiwa tena.